Mbona roketi huinama njiani?

Ukitazama roketi ikirushwa, muda mfupi baada ya kuacha ardhi utaiona ikianza kuinama. Kila ninapofundisha somo hili, yupo anayeuliza kama imepotea njia. Haijapotea. Hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza.

Kufika angani ni rahisi kuliko kubaki huko. Juni 1944 kombora la V-2 la Ujerumani lilirushwa wima, likapanda kilomita 176 hivi, kisha likaanguka. Miaka 13 ikapita kabla ya Umoja wa Kisovyeti kufaulu kukiacha kitu huko juu: setilaiti ya Sputnik, tarehe 4 Oktoba 1957. V-2 ilikuwa na kimo cha kutosha. Ilichokosa ni kasi ya kwenda kando.

Wengi huamini kwamba angani mvutano wa Dunia umekwisha. Kwenye kituo cha anga cha kimataifa, kilomita 400 hivi kutoka ardhini, bado una karibu asilimia 90 ya nguvu zake. Wanaanga huelea kwa sababu wao na chombo chao wanaanguka pamoja, usiku na mchana. Liachie jiwe: katika sekunde ya kwanza litashuka mita 5 hivi. Dunia nayo ni mviringo, na uso wake hujipinda mita 5 kwa kila kilomita 8 hivi. Basi kitu kikienda kando karibu kilomita 8 kwa sekunde, kinaposhuka mita 5 ardhi nayo imeshuka mita zilezile. Kinaanguka daima, chini hakifiki. Hiyo ndiyo obiti, na miaka yote hii bado inanishangaza.

Kasi hiyo hutokana na kanuni ya tatu ya Newton: injini hutupa gesi ya moto nyuma, gesi nayo huisukuma roketi mbele. Hakuna hewa inayohitajika ya kuegemea. Mwaka 1920 gazeti la The New York Times, lenyewe likiamini kinyume cha hilo, lilimkejeli Robert Goddard, mtaalamu wa roketi wa Marekani. Lilijisahihisha Julai 1969, Apollo 11 ikiwa safarini kwenda Mwezini. Hewa kwa kweli ni kikwazo, ndiyo maana roketi huanza wima, ipenye haraka tabaka zito kabla ya kulala.

Ugumu mkubwa uko kwenye mafuta, kwani mafuta ya kuchoma baadaye ni mzigo wa kubeba sasa. Hesabu yake aliichapisha Konstantin Tsiolkovsky, mwanasayansi wa Urusi, mwaka 1903, na haina huruma. Tuseme gesi inatoka kwa kilomita 3 kwa sekunde, kama ilivyo takriban kwa injini zinazochoma mafuta ya taa na oksijeni ya kimiminika. Roketi ikitaka kufikia kasi hiyohiyo, uzito wake wa kuanzia uwe mara 2.7 ya utakaobaki. Ikitaka kilomita 6, mara 7.4. Ikitaka 9, na obiti hudai zaidi kidogo ya hapo ukihesabu kinacholiwa na hewa na mvutano, mara 20. Katika tani 20 inabaki 1, na ndani ya hiyo moja mna injini, matangi, na mzigo wenyewe.

Kwa hiyo roketi huundwa kwa hatua: tangi likiisha hudondoshwa, maana kulibeba tupu ni hasara. Saturn V, roketi ya safari za Apollo za kwenda Mwezini, ilikuwa na tani 2,900 hivi ilipowashwa. Hatua yake ya kwanza iliteketeza karibu tani 13 kila sekunde, ikamaliza kazi kwa dakika 2 na nusu. Kutoka kwenye jengo lote lile la mita 110, kilichorudi baharini na wanaanga wa Apollo 11 ni chumba cha tani 5 hivi.

Hesabu hiyohiyo huamua hata mahali pa kurushia. Kwenye ikweta ardhi inakwenda mashariki mita 465 hivi kila sekunde. Kourou, katika Guyana ya Ufaransa, iko nyuzi 5 tu kaskazini mwa ikweta, hivyo roketi inapata karibu kasi yote hiyo bure kabla injini haijawaka. Ikiwa inapeleka setilaiti itakayozunguka juu ya ikweta, tazama inakoinamia: mashariki, juu ya Atlantiki.