Manjano ya bakteria si pambo

Wengi huamini kwamba karotenoidi, rangi za ukoo wa ile ya karoti, ni kazi ya mimea pekee, na kwamba bakteria mwenye rangi amejipamba tu. Sivyo. Mtazame bakteria aitwaye Staphylococcus aureus: jina la pili ni Kilatini, maana yake “wa dhahabu”, alilopewa na daktari Mjerumani Rosenbach mwaka 1884.

Dhahabu hiyo, karotenoidi iitwayo stafilozanthini, ni ya jamii ya mafuta. Kimeng’enya kimoja, yaani protini inayoharakisha kazi za kikemia, huunganisha molekuli mbili zenye kaboni 15 kila moja, ukapatikana mnyororo wa kaboni 30. Kingine huchomoa hidrojeni, na vifungo vya kaboni, maradufu na vya kawaida, vikajipanga kwa kupokezana. Unjano hutoka hapo. Baadaye huongezwa glukosi na asidi ya mafuta, na rangi hukaa ndani ya utando wa seli.

Seli nyeupe za damu huua bakteria kwa kumwaga kemikali kali za oksijeni. Vifungo vile vya rangi huzipunguza kemikali hizo makali. Mwaka 2005 watafiti walionyesha kuwa bakteria walionyimwa rangi hii huuawa kwa urahisi zaidi. Tena, hatua ile ya kwanza, ya kuunganisha molekuli mbili, inafanana mno na hatua mojawapo ya kutengeneza kolesteroli mwilini mwetu, hata kemikali iliyobuniwa kwa ajili ya kolesteroli ikawapausha bakteria hao.