Kikalamu cha kupimia maji hakioni madini ya risasi

Muuza maji mtaani Kayole anachovya kikalamu kwenye glasi, kinaandika 120, naye anatangaza: "Hayana madini mabaya." Si kweli. Kikalamu hupima jinsi maji yanavyopitisha umeme, basi. Chumvi na madini ya risasi kwake ni mamoja. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani (WHO) cha risasi ni mikrogramu 10 kwa lita, kiasi kisichotikisa hata tarakimu ya mwisho.

Sensa teule ya ioni, yaani kihisi kinacholenga aina moja ya chembe zenye chaji ya umeme, ni kitu kingine: utando wake una molekuli zinazokamata risasi kuliko ioni nyingine. Risasi ikiongezeka mara kumi, volteji ya sensa hubadilika kwa takriban milivolti 29 tu, na shaba au zebaki huweza kuihadaa sensa hiyo. Na kuchemsha? Maji hupungua sufuriani, risasi inabaki.