Umeme ukikatika, kwa nini kinu bado kinaweza kukurusha?

Delestaji, yaani mgao wa umeme, ikianza Lubumbashi, vinu vya kusaga mahindi hunyamaza, na fundi huona ndiyo nafasi ya kufungua boksi na kukaza nyaya. Umeme haupo, nini kitampiga? Wengi wanaoanza kazi hii hufikiri hivyo, na ndipo wanapokosea. Umeme wa SNEL, shirika la umeme, uliokatika hurudi bila kupiga hodi. Jenereta ya jirani iliyounganishwa bila swichi ya kuchagua upande mmoja inaweza kutia umeme wake kwenye laini ya mtaa mzima. Transfoma nayo hufanya kazi pande zote mbili: ile ya 15,000 kwa 400, ikilishwa volti 400 kwa chini, hutoa 15,000 kwa juu. Hata kitufe chekundu hakitoshi, kwani hukata tu koili ya kontakta, yaani sumaku inayovuta swichi ya mota. Nyaya zinazoingia zimebaki na moto, yaani umeme.

Tuseme sasa laini imekufa kweli. Bado kuna umeme uliolala ndani ya mashine. Kinu chenye variateri, kifaa kinachorekebisha mwendo wa mota, kina kapasita, vifaa vinavyohifadhi umeme. Zifikirie kama tangi la maji juu ya paa: REGIDESO wakifunga maji, tangi halikauki. Chini yake pana tundu dogo, yaani rezistansi ya kumwaga chaji. Mwanzoni maji huruka kwa nguvu. Yakipungua, msukumo nao hupungua, na ya mwisho huchuruzika taratibu. Kwa laini ya volti 400 kapasita hujaa hadi karibu 560. Kama dakika ya kwanza imezishusha hadi 206, ya pili itazifikisha 76, ya tatu 28. Kasi hutofautiana kifaa kwa kifaa, kwa hiyo soma kibandiko cha variateri: mara nyingi ni dakika 5 au zaidi. Na rezistansi ikiungua, tundu limeziba, dakika hizo hazina maana tena. Mikrofaradi 1,000 kwa volti 560 ni juli 157, sawa na mzigo wa kilo 16 ulioanguka kutoka mita 1. Ukizigusanisha ncha kwa bisibisi, chuma kinayeyuka mbele ya uso wako.

Kwa hiyo delestaji iwepo isiwepo, shusha disjonkteri kuu, yaani swichi kuu ya kukata umeme, ifunge kwa kadena (kufuli) yako, ufunguo ukae mfukoni mwako. Mkiwa wawili, kadena ni mbili. Ngoja dakika za kibandiko, kisha pima fezi (waya wenye moto) kwa fezi, fezi kwa nyutro (waya wa kurudi), fezi kwa ardhi, halafu chanya na hasi ya variateri, mita ikiwa kwenye DC, umeme wa upande mmoja kama wa betri. Bisibisi yenye kitaa iache: kitaa huwaka kwa mkondo unaopita mwilini kwenda ardhini, na kapasita iliyojaa huenda isiwe na njia hiyo.

Mita pia ijaribiwe kabla na baada, maana yenye waya uliokatika huonyesha sifuri popote. Wakati wa delestaji hakuna laini yenye moto ya kujaribia. Upande wa AC, umeme wa laini, tumia soketi ya jenereta ndogo iliyosimama peke yake. Upande wa DC, betri ya gari yatosha: mita ikisoma takriban 12 kabla, na 12 tena baada, ile sifuri ya katikati ni sifuri kweli.