Malengo ya Kufuma kwa Mwaka Mpya: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Januari ikifika, mwenye sindano na uzi hujiahidi mengi: masweta sita, shali mbili, kofia za watoto wote wa ukoo. Ikifika Machi, mgongo mmoja wa sweta umelala kikapuni, uzi umeisha na rangi yake haipatikani tena. Mara nyingi chanzo si uvivu, bali mambo yanayoaminika bila kupimwa.

"Mwaka huu sweta moja kila mwezi."

Lengo la kuhesabu nguo hupotosha, kwa sababu nguo hazilingani. Hesabu vitanzi. Chukua sweta la mtoto wa miaka saba hivi, kifua sentimita 70, urefu sentimita 42, kwa uzi wa unene wa kati na sindano za milimita 4. Uzi huo kwa kawaida hutoa vitanzi 22 na mistari 30 katika sentimita 10. Mbele na nyuma, kila upande una vitanzi 77 kwa mistari 126. Mikono miwili huongeza kama 11,000. Jumla ni karibu vitanzi 30,000. Anayefuma vitanzi 20 kwa dakika atatumia saa 25. Anayejifunza, wa vitanzi 10, atatumia saa 50, bado hajaunganisha vipande wala kuweka kola. Kwa nusu saa kila jioni, huyo wa pili anahitaji siku 100: akianza Mwaka Mpya, anamaliza Aprili. Ni lengo zuri kabisa. Kujua kasi yako, fuma dakika 10 kwa saa ya simu, hesabu vitanzi, gawa kwa 10.

"Tabora ni joto, sweta la nini?"

Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka hadi karibu nyuzi 15. Alfajiri hiyo ndiyo mtoto anatoka kwenda shule. Kasulu na Buhigwe, kwenye miinuko ya Kigoma, baridi nayo huuma. Basi tarehe ya mwisho ya sweta ni Mei, wala si Desemba. Septemba na Oktoba, jua likiwaka, viganja hutoka jasho na uzi wa akriliki hunata kwenye sindano. Miezi hiyo iachie kofia na soksi za watoto wachanga.

"Kipande cha majaribio ni kupoteza uzi."

Hapa ndipo masweta mengi huharibikia. Anzisha vitanzi 30, fuma mpaka sentimita 13, kisha kifue kipande hicho kama utakavyofua sweta lenyewe na ukianike kwa kukilaza kivulini. Kikikauka, weka rula katikati, maana kingo hujikunja na kudanganya. Ukipata vitanzi 20 badala ya 22 katika sentimita 10, vile vitanzi 154 vya kifua (77 vya mbele na 77 vya nyuma) vitatoa sentimita 77 badala ya 70, na mabega yatamwanguka mtoto. Ukipata 24, kifua kitakuwa sentimita 64 na sweta litambana. Dawa ni kubadili sindano kwa robo au nusu milimita. Usijaribu kurekebisha kwa kukaza uzi: mkono ukichoka hulegea, na sweta litaonyesha kila mahali ulipochoka.

"Sindano namba 8 ni namba 8 popote."

Kwa namba za zamani za Uingereza, 8 ni milimita 4. Kwa namba za Marekani, 8 ni milimita 5. Tena kwa Waingereza namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba, kwa Wamarekani inakuwa nene. Ukichukua mchoro mtandaoni, tafuta milimita kwanza.

"Uzi nitanunua kidogo kidogo."

Rangi hutiwa kiwandani kwa mafungu, na kila fungu lina namba yake kwenye lebo. Bluu ya leo dukani na bluu ya mzigo ujao zinaweza kufanana mkononi, zikaachana kifuani, zikachora mstari katikati ya sweta. Sweta lile linataka kama gramu 250: nunua madonge matano ya gramu 50 yenye namba moja, kwa siku moja. Tunajua Januari ni sare, madaftari na michango. Ikiwa fedha inatosha donge moja tu, fuma kofia ya mtoto mchanga: vitanzi 70, gramu 25 hadi 30, bila vifungo wala riboni. Aliyekwisha kunaswa na mafungu mawili apishanishe: mistari miwili ya donge la zamani, miwili ya jipya, kwa sentimita kadhaa.

"Fundi wa kweli hafumui."

Hufumua, tena mapema. Kinachotisha ni vitanzi kukimbia sindano ikichomolewa, na hilo lina kinga. Kila baada ya mistari 20, tunga uzi wa kushonea wa rangi nyingine kwenye sindano butu, upitishe ndani ya vitanzi vyote vilivyo kwenye sindano ya kufumia, uache mikia mirefu pande zote mbili, kisha endelea kufuma. Kosa likitokea mistari 12 juu yake, chomoa sindano na uvute uzi. Utasimama wenyewe kwenye uzi ule wa rangi, na vitanzi 77 vitakuwa vimejipanga, vinangoja kurudishwa kimoja kimoja.