Mtoto Mdogo na Bwawa la Kuogelea: "Lakini Nilikuwa Papo Hapo"

Mtoto aanze bwawa akiwa na umri gani?
Hakuna umri uliokatazwa, wala si lazima amalize chanjo kwanza. Ila akiwa chini ya miezi 6 maji yawe vuguvugu, nyuzi 32 hivi, maana mwili wake hupoteza joto upesi. Siku ya kwanza dakika 10 zinatosha. Akitetemeka, mtoe, mkaushe, mvalishe. Na tafadhali, hii ya kumzamisha kichwa "azoee" muiache.

Avae nepi gani?
Ya kuogelea. Ya kawaida hunyonya maji ikavimba na kumwelemea. Anayeharisha asiingie kabisa. Klorini, dawa ya maji ya bwawa, haiui kila kijidudu papo hapo, na wenzake wanayameza maji hayo hayo.

Akianza kuzama si atapiga kelele?
Hapana. Anayezama hana pumzi ya kulia. Mtoto mdogo kichwa ni kizito kuliko nguvu za shingo yake. Anateleza chini kimya, wewe hujamaliza kusoma ujumbe mmoja. Wazazi wanaotuletea hospitalini watoto waliolowa huniambia neno lile lile: "Nilikuwa papo hapo, sikusikia kitu." Mama mmoja alikuwa bado ameshika taulo kavu. Alikuwa amegeuka kuichukua tu.

Na akivaa maboya ya mikononi?
Hapana. Yanachopoka, yanatoboka, na yanampa mzazi usingizi wa macho wazi.

Na kama yupo mwokoaji, au kaka yake wa miaka 9?
Hapana, na hapana tena. Mwokoaji anaangalia bwawa zima. Kaka naye ni mtoto. Anatakiwa mtu mzima ndani ya maji, mkono wake ukimfikia mtoto muda wote. Simu ikiita, iite. Ukilazimika kutoka, toka naye.

Ametolewa majini hapumui. Tumning'inize miguu juu maji yatoke?
Hapana! Wala msimkamue tumbo. Mnapoteza dakika zake, na matapishi yanaweza kuingia mapafuni. Anachokosa ni hewa. Mlaze chali, mpulizie pumzi 5. Mtoto mchanga, funika mdomo na pua yake pamoja kwa mdomo wako. Asipozinduka, bonyeza kifua mara 30, pumzi 2, uendelee hivyo bila kuacha. Mwingine apige simu ya dharura.

Amezinduka, amelia, sasa anacheka. Bado twende hospitali?
Ndiyo. Aliyezimia au kupuliziwa pumzi aletwe hata akicheka. Aliyezama kidogo akaibuka mwenyewe, mwangalieni: akiendelea kukohoa, akihema haraka, akitapika au akilegea, mleteni saa hiyo hiyo. Msiseme "acha alale kwanza, tutaona asubuhi." Akilala, nani atamhesabia pumzi?