Petrarca na mistari isiyo yake

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuhusu washairi wahumanisti wa Italia, waliofufua fasihi ya Kigiriki na Kirumi, ni kama hawakuwa wezi tu wa mistari ya Vergilius na Ovidius, washairi wa Roma ya kale. Jibu ninalolipenda zaidi alilitoa Francesco Petrarca mwenyewe, mshairi wa Italia wa karne ya 14.

Mwaka 1359 alimwandikia rafiki yake, mwandishi Boccaccio, barua kuhusu Bucolicum carmen, mashairi yake 12 ya wachungaji kwa Kilatini. Utenzi huo umefuata Eclogae, mashairi ya wachungaji ya Vergilius, tangu mizani hadi majibizano ya malishoni, na hilo halikumsumbua hata kidogo. Kilichomkosesha raha ni maneno machache. Mahali fulani aliandika solio sublimis acerno, yaani aliyekaa juu kwenye kiti cha enzi cha mbao. Kisha akagundua kuwa solio na acerno vinakutana katika kitabu cha 8 cha Aeneis, utenzi mkuu wa Vergilius, pale mfalme Evander anapomkaribisha shujaa Aeneas. Kwingine lilimponyoka quid enim non carmina possunt, "maana mashairi yanashindwa nini?", ambalo ni la Ovidius, neno kwa neno. Akamwomba Boccaccio abadilishe yote mawili.

Maelezo yake ya jinsi ilivyotokea ndiyo utamu wenyewe. Waandishi aliowasoma mara moja kwa haraka, kama Ennius na Plautus wa Roma ya kale, maneno yao yakimjia huyatambua papo hapo kuwa ni ya wageni. Lakini Vergilius, mshairi Horatius na msemaji Cicero aliwasoma mara elfu. Anasema alimeza utotoni akaja kucheua uzeeni, hata akasahau kauli ni ya nani. Kwa hiyo hatari haitoki kwa mwandishi usiyemjua, bali kwa unayemjua mno. Miaka michache baadaye alimwandikia Boccaccio tena: shairi lifanane na lile la kale kama mtoto anavyofanana na baba, sura unaiona lakini huwezi kuonyesha kwa kidole ni wapi.

Karne moja mbele, mshairi mwingine wa Italia, Angelo Poliziano, hakuwa na hofu hiyo. Katika Stanze, alizoziandika kwa Kiitaliano kumsifu Giuliano de' Medici, wa ukoo uliotawala Firenze, bustani ya Venus, mungu wa kike wa mapenzi, kule Cyprus ameijenga kwa vipande vya mshairi wa Kirumi Claudianus, na anataka msomaji avitambue. Huyuhuyu alipolaumiwa kwamba haandiki kama Cicero, alijibu kwamba yeye si Cicero. Wengi huona hapo anajipinga. Mimi sioni: aliyechota kwa waandishi wengi hivyo angewezaje kukubali kufungwa kwa mmoja?