Kabla Hujamwaga Asidi Kwenye Zege la Uani

Kila msimu wa mvua ukipita, sisi tunaoshughulika na vifaa vya ujenzi huulizwa swali lilelile: zege la mbele ya nyumba, pale gari linapolala, limechafuka, ninunue dawa gani kali ya kulisafisha? Mara nyingi muulizaji ameshashauriwa mtaani atafute asidi. Jibu letu huanza na swali: doa lenyewe ni la nini? Dawa inayotoa doa la aina moja huweza kulikoleza la aina nyingine, au ikala zege lenyewe.

Tuanze na asidi, kwa sababu ndiyo inayoharibu nyua nyingi. Simenti ina asili ya chokaa, na zege zima lina pH (kipimo cha uasidi) ya 12 hadi 13, yaani liko upande wa pili kabisa na asidi. Tone la asidi likiangukia juu yake huchemka papo hapo, povu jeupe likapanda na kutoa sauti ya kuchacharika. Watu wengi hulifurahia povu hilo wakidhani uchafu unatoka. Kinachotoka ni simenti. Ukisuuza na kupapasa mahali pale utahisi chembe za mchanga zimebaki wazi, na tone la oili litakaloanguka hapo kesho litazama zaidi kuliko la jana. Asidi ya haidrokloriki, ile inayouzwa kwa kusafishia vyoo, huacha pia kloridi, aina ya chumvi, ambayo ikipenya kwenye nyufa na kufika kwenye nondo huharakisha kutu. Nondo huvimba na kulipasua zege kutokea ndani. Maji ya betri nayo usiyaguse kabisa kwa kazi hii: ni asidi ya salfa, na yaliyotoka kwenye betri kuukuu hubeba madini ya risasi.

Kulitambua doa si kazi ngumu. Dondosha maji juu yake: yakisimama kama ushanga bila kunywewa, hapo pana mafuta. Rangi ya chungwa chini ya geti, chini ya miguu ya kiti cha chuma au pale bomba la kisima linapovuja ni kutu. Wekundu uliotapakaa kwenye njia ya matairi ni udongo. Kijani au weusi unaoteleza kivulini ni mimea midogo na kuvu. Ungaunga mweupe unaorudi kila zege likikauka ni chumvi inayopandishwa na unyevu kutoka chini.

Doa la oili ndilo sugu, na mbinu zake zinategemea umri wake. Likiwa bado bichi, usimwage maji. Mwagia maranda, mchanga mkavu au majivu, uache yanywe, ufagie, kisha urudie kwa mapya. Likiwa limekaa miezi, mafuta yameshazama kwenye vinyweleo vya zege na kusugua peke yake hakuyafikii. Hapo inabidi yavutwe. Chukua unga wa chaki au udongo mweupe, kama ule wa vilima vya Pugu, ukande kwa maji moto yenye sabuni ya unga nyingi na magadi soda hadi upate uji mzito. Paka unene wa kidole juu ya doa, funika kwa nailoni, bana kingo kwa mawe, uache hadi kesho yake. Magadi na sabuni hulegeza mafuta, na unga ukikauka huyanyonya. Ondoa nailoni, acha ukauke kabisa, ukwangue kwa ubao, usugue kwa brashi ngumu ya nailoni. Doa la zamani litahitaji kurudiwa mara mbili, tatu, na huenda kivuli chake kikabaki. Kivuli hicho hakidhoofishi zege, kiacheni.

Petroli, hapana. Huyeyusha oili na kuizamisha zaidi, na mvuke wake hutambaa chini hadi ukute cheche ya jiko la jirani.

Kwa kutu, ndimu au limau husaidia doa dogo: mimina maji yake, subiri dakika 10, sugua, suuza kwa maji mengi. Nayo ni asidi, ila hafifu, ndiyo maana haifai kuachwa ikakaukia hapo. Kutu nzito huondolewa kwa dawa zenye asidi ya oksaliki. Hiyo ni sumu ikimezwa, kwa hiyo vaa glavu na miwani na uwaondoe watoto na mifugo. Usitumie jiki kwenye kutu, haiitoi. Na weka kando brashi ya waya wa chuma: vipande vya waya hubaki kwenye zege na kuanzisha madoa mapya ya kutu.

Jiki ina kazi yake kwenye ule utelezi wa kijani. Changanya kikombe kimoja na vikombe vinane vya maji, paka, acha dakika 15, sugua, suuza. Maua ya pembeni yamwagie maji kwanza. Udongo mwekundu ufagie ukiwa mkavu kabla ya sabuni, na chumvi nyeupe pia ifagie kavu, kwani maji huiyeyusha na kuirudisha ndani. Mashine ya maji ya presha inafaa kwa utelezi na udongo, lakini mdomo wake ukikaribia sana hung'oa ngozi ya zege. Anzia umbali wa sentimita 30.

Hili nalisema kwa msisitizo: jiki na asidi zisikutane, hata kwenye ndoo moja, hata kwa kufuatana bila kusuuza. Zikikutana hutoa gesi ya klorini, ambayo ni nzito kuliko hewa. Kwenye ua wenye ukuta na geti lililofungwa hutuama chini, usawa wa pua ya mtoto. Ukisikia harufu kali inayochoma koo, acha kila kitu, toka nje kwenye hewa safi, na anayekohoa au kubanwa kifua apelekwe hospitali. Asidi ikigusa ngozi au jicho, osha kwa maji yanayotiririka kwa dakika 20 kabla ya jambo lingine lolote. Dawa hizi zisikae kwenye chupa za maji ya kunywa zisizo na lebo. Hapo ndipo watoto wetu wanapoumizwa.

Maranda na unga ulionyonya oili usivisukumie mtaroni. Mitaro mingi ya Dar es Salaam huishia Mto Msimbazi, na Msimbazi humwaga Bahari ya Hindi. Vifunge kwenye mfuko, na oili chafu ya gari ikusanye kwenye dumu umpe fundi wa gereji anayeikusanya.

Zege likishatakata na kukauka, linaweza kupakwa dawa ya kuziba vinyweleo. Zege jipya lipewe siku 28 kwanza. Kisha gari linalovuja lipelekwe kwa fundi, na hadi litengenezwe, weka karai lenye maranda chini ya injini.